Wamachinga wa Mbeya wapewe mita na saa: Groningen wanavyoendesha soko lao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie mjadala usioisha hapa Mbeya: wafanyabiashara wadogo wakae wapi. Kila mjadala unaporudi, jibu ni jengo. Tujenge soko, tugawe vizimba, watu wahamie. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, la SIDO likateketea 2017, na mara zote mbili hoja iliyotawala ilikuwa ya zege na mabati. Naandika kuiomba Halmashauri ya Jiji ifikirie pia jambo lisilohitaji zege, yaani ratiba.

Mfano ninaoutoa ni Groningen, mji wa kaskazini mwa Uholanzi wenye wakazi takriban 240,000, chini ya nusu ya wakazi wa Jiji la Mbeya kwa sensa ya 2022. Katikati ya mji kuna viwanja viwili vinavyokaribiana. Grote Markt uko chini ya mnara wa kanisa uitwao Martinitoren, wenye urefu wa mita 97. Ukielekea magharibi kidogo unafika Vismarkt, uwanja mrefu unaoishia kwenye Korenbeurs, jengo la karne ya 19 lililokuwa la biashara ya nafaka na leo lina supamaketi ndani yake. Jumanne, Ijumaa na Jumamosi ni siku za soko. Asubuhi husimama meza za samaki, jibini, mboga, matunda, maua, mikate, vitambaa na nguo. Jioni huoni hata turubai moja. Siku nyingine uwanja huohuo ni wa watembea kwa miguu, wa viti vya migahawa na wa sherehe za mji.

Ardhi ni ileile, ila inatumiwa na watu tofauti kwa saa tofauti. Mfanyabiashara hapewi jengo wala kipande cha ardhi cha kumiliki. Anapewa mita kadhaa, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, na anajua kwamba saa ya kufunga ikipita, pale si pake tena.

Nieleze linavyoendeshwa, kwa sababu ukiiga meza ukaacha uendeshaji hujapata kitu. Masoko ya wazi ya Uholanzi huwa chini ya halmashauri, kwa kanuni ya soko iliyoandikwa, na kila soko lina ramani. Kwenye ramani hiyo kila nafasi ina namba, urefu kwa mita na, mara nyingi, aina ya bidhaa inayoruhusiwa. Meza ya kawaida ina urefu wa mita 4. Mwenye biashara kubwa anaomba meza mbili au tatu, mwenye ndogo anaomba moja, na ushuru unalipwa kwa mita. Kwetu ushuru wa siku mara nyingi ni kiwango kimoja kwa kila mtu, kwa hiyo mama mwenye beseni moja la nyanya analipa sawa na mwenye robota zima la mitumba lililotandazwa mita sita. Hilo peke yake linatosha kumfanya mama wa nyanya akimbilie pembeni ya barabara ambako hakuna anayemdai.

Wafanyabiashara wako wa aina mbili: wenye nafasi ya kudumu na wa kutwa. Msimamizi wa soko, ambaye ni mtumishi wa halmashauri, hupita asubuhi na orodha yake mkononi. Saa iliyoandikwa kwenye kanuni ikifika na mwenye nafasi hajatokea wala hajatoa taarifa, nafasi hiyo inakwenda kwa mtu wa kutwa siku hiyohiyo, kwa kupiga kura au kwa kufuata orodha ya waliosubiri. Mwenye kibali anatakiwa kuwapo mwenyewe kwenye biashara yake; akitaka mtu wa kumshikia nafasi, sharti amwandikishe. Kanuni hii ndiyo inayofunga mlango kwa mchezo tunaoujua sana nchini: mtu mmoja kuhodhi vizimba vitano kwa majina ya ndugu, kisha kuvikodisha kwa bei ya kulangua. Isitoshe, tangu uamuzi wa mahakama ya juu ya masuala ya utawala wa mwaka 2016, halmashauri za Uholanzi zinatakiwa kutoa vibali vilivyo vichache kwa muda maalumu, si milele, ili na wengine wapate nafasi ya kuomba. Wafanyabiashara wazee hawakuifurahia hatua hiyo, na wana hoja, maana aliyenunua gari la kuuzia samaki kwa mkopo anahitaji miaka ya kutosha kurudisha fedha. Ndiyo sababu muda wa kibali lazima uendane na uzito wa mtaji.

Idadi ya bidhaa za aina moja nayo hudhibitiwa. Wauza samaki wasizidi idadi fulani, jibini vivyo hivyo, na katikati yao wawekwe wa mboga na wa vitambaa ili mteja alazimike kulipita soko zima. Hata yule muuzaji wa maneno, anayesimama akionyesha kwa vitendo kisu cha kukatia mboga mpaka watu wajae, hutengewa sehemu yake ili kundi lake lisizibe njia.

Meza nyingi si mali ya muuzaji. Kuna mkandarasi anayezileta alfajiri: mabomba ya chuma, mbao za juu, turubai. Muuzaji anakuta meza imesimama, anapanga bidhaa, na jioni anaiacha tupu ili mkandarasi aibomoe. Wauzaji wa samaki, nyama na jibini wengi wana magari yao yenye jokofu, mizani na maji ya kunawa, ambayo ubavu wake hufunguka ukawa paa. Umeme hutoka kwenye masanduku ya uwanjani, kwa hiyo hakuna waya unaoning'inia juu ya vichwa vya watu wala jenereta inayonguruma kila baada ya meza tatu. Magari ya kushusha mizigo huingia mapema, hushusha na kuondoka kwenda kuegeshwa mbali. Hayaruhusiwi kurudi hadi soko lifungwe na wateja wapungue. Taka ni jukumu la muuzaji, ama azibebe mwenyewe ama azipeleke mahali palipotengwa, na baada yake hupita magari ya kufagia. Ndani ya muda mfupi uwanja unarudi kuwa uwanja.

Jambo ambalo Mbeya tungepaswa kulisoma kwa makini kuliko yote ni njia ya zimamoto. Katika masoko na matamasha ya Uholanzi hudaiwa njia iliyo wazi muda wote, kwa kawaida upana wa mita 3.5 na mita 4.2 kwenda juu, bila turubai wala kamba kuikatiza. Msimamizi hupima. Meza ikitokeza nusu mita inarudishwa nyuma kabla mauzo hayajaanza. Anayejua vichochoro vya masoko yetu, ambamo turubai la upande huu limefungwa kwa kamba kwenye nguzo ya upande ule, anaelewa kwa nini gari la zimamoto likifika hubaki nje likirusha maji kutokea barabarani wakati moto uko ndani mita hamsini.

Soko la namna hii haliwezi kusimama peke yake bila mitaa inayolizunguka. Mwezi Septemba 1977 Groningen ilianza kutekeleza mpango wa usafiri ulioligawa eneo la katikati ya mji katika sehemu nne. Gari haliwezi kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine moja kwa moja. Lazima litoke hadi barabara inayouzunguka mji wa kale na kuingilia upande wa pili. Baiskeli na waenda kwa miguu hupita popote. Mwanasiasa kijana aliyehusishwa sana na mpango huo, Max van den Berg, alipingwa vikali na wenye maduka, waliosema wateja watakimbia. Leo Herestraat, mtaa mkuu wa maduka unaotoka upande wa stesheni ya treni hadi Grote Markt, ni wa waenda kwa miguu, na Folkingestraat, kimtaa chembamba kinachofika Vismarkt, kimejaa maduka madogo yanayoendeshwa na wenyewe. Mtu anayetembea kwa miguu huona kilichoko dirishani, huingia, hununua. Aliyemo ndani ya gari hutafuta tu mahali pa kuegesha.

Mizigo ya maduka haya inaingiaje? Katika miji mingi ya Uholanzi magari ya kushusha bidhaa huruhusiwa katika mitaa ya waenda kwa miguu asubuhi tu, mara nyingi hadi saa tano. Baada ya hapo nguzo fupi za chuma huinuka kutoka ardhini na kuziba njia. Mwenye duka anayechelewesha mzigo wake anausukuma kwa toroli. Rotterdam walipata ufumbuzi mwingine. Eneo la katikati ya mji huo liliteketezwa kwa mabomu Mei 1940, na walipojenga upya walifungua mwaka 1953 mtaa uitwao Lijnbaan, wa maduka ya ghorofa mbili, bila magari kabisa mbele, huku mizigo ikiingilia mitaa ya nyuma. Wanaopima viwanja vipya Iwambi, Uyole na Mbalizi wangefaa kuuangalia mchoro huo, kwa sababu njia ya nyuma ya mita chache ikiachwa leo haigharimu kitu, ila ikisahauliwa, Kenta na kirikuu vitashushia mlangoni pa mteja miaka yote.

Rotterdam inanipa pia tahadhari. Oktoba 2014 walifungua Markthal, jengo kubwa la umbo la kiatu cha farasi lenye nyumba za kuishi kwenye upinde wake na soko chini. Ni jengo la kupendeza na watalii hulifuata. Lakini ukumbi wake umeelemea zaidi kwenye vyakula vya kula palepale kuliko mboga na samaki wa kupika nyumbani, kwani pango la ndani ya jengo la namna hiyo halilipiki kwa faida ya kabichi. Na nje yake, kwenye uwanja wa Binnenrotte, soko la wazi limeendelea Jumanne na Jumamosi. Wakazi wanaotafuta viazi vya wiki nzima wanajua waende wapi. Hapa kwetu, baada ya Mwanjelwa kujengwa upya, malalamiko ya wafanyabiashara kuhusu kodi yalisikika mno, na sababu yake ni hiyohiyo: mkopo wa jengo hulipwa na mpangaji, na mpangaji wa nyanya hana faida ya kubeba riba ya benki.

Basi Mbeya tufanyeje? Barabara Kuu ya kwenda Zambia haigusiki. Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi unazidi kuondoa kila upenyo uliokuwa umebaki pembeni. Uchaguliwe mtaa mmoja wa ndani, kati ya Kabwe na Mwanjelwa kwa mfano, ambao magari yana njia nyingine ya kuuzunguka. Ufungwe siku mbili kwa wiki kwa kuanzia. Siku mbili zinazoheshimiwa ni bora kuliko sita zinazovunjwa.

Vipimo vifanywe hivi. Tuseme mtaa una upana wa mita 10. Weka safu mbili za meza, kila meza kina cha mita 1.5, hizo ni mita 3. Nyuma ya kila safu muuzaji apate mita 1 ya kusimama na kuweka mzigo. Hizo ni mita 2. Katikati zinabaki mita 5. Mteja anayesimama mbele ya meza anachukua kama sentimita 75 kila upande, kwa hiyo inabaki njia ya mita 3.5, ileile ya zimamoto. Mtaa ukiwa na upana wa mita 7 tu, usilazimishe safu mbili. Weka safu moja. Kwa urefu, panga meza nne za mita 3 kila moja, kisha acha pengo la mita 2, halafu nne nyingine. Kila kundi linachukua mita 14, kwa hiyo mita 100 za mtaa zinapokea makundi saba kila upande, meza 56 kwa jumla. Mapengo hayo yaelekezwe kwenye milango ya fremu. Mwenye fremu anayelipa kodi ya pango na ya mapato akizibwa mlango na migongo ya meza atakuwa adui wa soko tangu siku ya kwanza, naye atakuwa na haki.

Mistari ichorwe kwa rangi ya barabarani na namba ziandikwe chini, kwa sababu mstari wa chokaa hufutika kwa mvua ya saa moja na ugomvi huanza upya kesho yake. Mtaa ukijengwa kwa pevingi ni bora zaidi. Groningen wametandaza vitofali vya rangi ya manjano katika mitaa na viwanja vya kati ya mji. Bomba likipasuka vitofali vinafunuliwa, bomba linatengenezwa, vinarudishwa vilevile, na hakibaki kiraka cha lami kinachotuama maji. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Mei, mfereji wa pembeni ufunikwe kwa zege lenye matundu, la sivyo maganda ya ndizi za Tukuyu na majani ya kabichi yataujaza na maji yatapita katikati ya meza.

Wa jumla wasiingie. Fuso moja la magunia ya viazi kutoka Umalila likisimama hapo, mpango mzima umekufa, kwa kuwa kushusha na kupanga upya kunakula saa tatu na upana wote wa njia. Mtaa huu ni wa rejareja, mzigo unaletwa kwa toroli au bajaji kabla ya saa mbili asubuhi. Mizani iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mmoja uwe mezani kwa msimamizi ili mteja mwenye shaka apime tena bure. Mama lishe wapangwe mwisho wa mtaa, upande ambao upepo hauelekei kwenye nguo, wakiwa na nafasi ya mita 2 kati ya jiko moja na jingine na mtungi wa kuzimia moto kwa kila majiko manne. Kona ya mitumba na kona ya mafuta ya kukaangia zisikutane kabisa.

Mpango wa namna hii ukiharibika, mara nyingi huanzia jioni. Mtu mmoja anaacha meza yake usiku mmoja kwa sababu mvua ilinyesha. Wiki inayofuata wanaacha kumi. Mwezi wa pili meza zimefungiwa kwa minyororo, wa tatu kuna mabati juu, na wa sita mgambo wanaitwa na tunarudi tulikotoka. Mkandarasi wa meza anaondoa tatizo hilo, kwa sababu meza si za muuzaji, hana cha kuacha. Vijana wa kikundi kilichosajiliwa wanaweza kupewa kazi hiyo: meza 56, mabomba yake, maturubai, na stoo ya karibu. Kupanga na kubomoa kulipwe kutoka kwenye ushuru wa mita. Wenzetu wa Iringa waliwahi kuwa na biashara ya Jumapili pale Mashine Tatu, wafanyabiashara wadogo wakipanga bidhaa barabarani siku hiyo moja, hadi ulipozuka mvutano mkali mwaka 2013. Kwa hiyo wazo la mtaa kuwa soko kwa siku si geni Nyanda za Juu Kusini. Kinachotakiwa ni kuliandika katika sheria ndogo, lenye saa, ramani na jina la cheo cha anayewajibika, lisitegemee hisani ya kiongozi aliyepo.

Sisemi Uholanzi hakuna matatizo. Masoko yao mengi yanapungua: wauzaji wanazeeka na watoto hawarithi kazi, supamaketi ziko kila kona, na nguo zinanunuliwa mtandaoni. Nafasi zikianza kubaki tupu, safu inakuwa na mapengo na wateja wanageuka kabla ya kufika mwisho. Wasimamizi wazuri hawaliachi soko likae hivyo. Huwasogeza waliobaki wakaribiane, soko likawa fupi lakini limejaa. Ni mbinu ambayo tungeihitaji hata sisi msimu wa kilimo, wachuuzi wengi wanaporudi mashambani. Maduka ya majengo makubwa nayo hayana kinga: kampuni ya V&D ilipofilisika mwishoni mwa 2015 iliacha majengo matupu katikati ya miji mingi. Soko la turubai likikosa watu leo, kesho linakunjwa; ghorofa likikosa watu, deni linabaki.

Gharama za majaribio ninazozipendekeza ni rangi ya mistari, meza 56, makontena mawili ya taka, vizuizi vinne vya kufungia mtaa, na wasimamizi wawili wanaopokezana. Choo kinaweza kutumika kile cha soko lililo karibu. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na mambo haya ni madogo kiasi kwamba yanaweza kuingizwa kwenye bajeti bila kusubiri mfadhili. Ningeomba Idara ya Biashara ya Jiji ijibu kupitia gazeti hili ni mtaa upi wa ndani wenye upana wa angalau mita 10 na njia mbadala ya magari, na nani atatumwa kuupima kwa futi kamba kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Mdau wa mipango miji,
Forest Mpya, Mbeya